Silaha Zisizofaa na Thawabu ya Kuziacha

Sisi watu wa Tanga tuna silaha yetu ya ajabu, nayo ni nyuki. Mapema Novemba 1914 Waingereza walishusha Ras Kasone jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliochoshwa na safari ndefu ya meli, ili wauchukue mji uliokuwa na walinzi kama 1,000 tu chini ya Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck. Risasi zilipoanza kupasua mizinga ya nyuki mitini, nyuki wakatoka na hasira zao, na jeshi lililokuwa limekwisha kuvurugika likazidi kuvurugika. Tarehe 5 Meja Jenerali Arthur Aitken alikuwa amewarudisha watu wake melini, akaacha nyuma bunduki za rashasha na risasi zipatazo 600,000. Kule Uingereza ikavumishwa kwamba Wajerumani walikuwa wamewatega wale nyuki makusudi. Hapa mjini nimewasikia wazee wakitoa maelezo mengine, yenye dua ndani yake.

Kaka yangu hataki kuisikia habari hiyo. Alikuwa mpiga mizinga wa JWTZ katika vita vya Kagera, na mambo ya nyuki humkera kama ninavyokereka mimi mwanafunzi anapoandika kwamba maji ni elementi. "Nyuki waliwauma Wajerumani pia," husema. "Aitken alishindwa kwa sababu hakutaka kutanguliza wapelelezi, na maadui zake walikuwa na reli ya kuleta askari." Kwake yeye silaha ni kitu chenye majibu ya maswali mawili: nikikitupa kitaangukia wapi, na kesho asubuhi watu wangu wataweza kupita hapo? Kisicho na majibu hayo, kitishe kitakavyotisha, ni mzigo unaokula mafuta ya lori.

Mimi nimefundisha kemia maisha yangu yote ya kazi. Tukikaa baada ya Isha mimi huleta upande wa dini na yeye huleta upande wa barabara, daraja na mafuta. Hoja yake haijabadilika tangu astaafu: silaha za maangamizi zimepigwa marufuku kwa sababu hazifai vitani, wala si kwa sababu dunia imeingiwa na huruma. Kwa sehemu kubwa naona anasema kweli. Kinachonisumbua ni jambo la mbele yake, ambalo yeye halioni kuwa na tatizo lolote. Mtu akiacha uovu kwa kuwa haukumlipa, ameacha nini hasa?

Nianze na gesi, maana hiyo naijua. Klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu. Nilikuwa nikiionyesha darasani, kidogo tu, ndani ya chupa ya kioo, dirisha wazi, nami nimesimama upande unakotoka upepo. Rangi yake ya kijani chenye umanjano hujikusanya chini ya chupa, na wanafunzi wa mbele husogeza viti nyuma bila kuambiwa. Maabara zetu hazikuwa na kabati la kuvuta hewa chafu, kwa hiyo siku ya somo hilo niliipanga kwa kuangalia upepo wa kaskazi au wa kusi. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani walifungua mitungi karibu 6,000 yenye tani zaidi ya 150 za gesi hiyohiyo. Walikuwa wameingoja siku nyingi, kwa sababu upepo wa nchi ile kwa kawaida hutoka magharibi, yaani kwa adui kuja kwao. Jioni ile ukageuka. Askari wa Ufaransa, Waalgeria wakiwemo, wakakimbia wakikohoa, na safu ya ulinzi ikaachwa wazi kwa kilomita kadhaa.

Basi. Wajerumani hawakuwa wameandaa askari wa kutosha kuingia pale palipoachwa wazi, na waliokuwepo hawakuwa na hamu ya kuifuata gesi yao wenyewe. Septemba mwaka huohuo Waingereza wakajaribu ya kwao huko Loos, na mahali pengine upepo ukawarudishia mahandakini. Zikaja barakoa, ikaja gesi ya haradali inayounguza ngozi, zikaja nguo za kujikinga, na kila upande ukawa umebeba mzigo uleule. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba gesi iliua watu wapatao 90,000 katika Vita Vikuu vya Kwanza vyote, kama mmoja katika kila askari mia waliokufa. Waliobaki waliuawa na mizinga, risasi na maradhi, vitu visivyomshangaza mtu.

Aliyeisimamia kazi ya Ypres ni Fritz Haber, na wanafunzi wangu wote wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine kabisa. Ndiye aliyeonyesha namna ya kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni ili kupata amonia, na kwenye amonia ndiko inakotoka mbolea; urea inayotiwa kwenye mahindi ya Mbeya na Rukwa imetokana na kazi ya mkono wake. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 alipewa kwa ajili ya amonia. Mkewe, Clara Immerwahr, naye mkemia mwenye shahada ya udaktari, alijipiga risasi kwa bastola ya mumewe siku chache baada ya Ypres, na Haber akaondoka kwenda uwanja wa vita wa mashariki. Kila mwaka niliandika ubaoni ile milinganyo, na kila mwaka alikuwepo mtoto wa kuuliza kama mtu yule ataingia peponi au motoni. Nilimjibu kwamba swali hilo halitatoka kwenye mtihani wa taifa.

Tukimaliza gesi kaka huchangamka, maana yanafuata ya kuchekesha. Wamarekani katika Vita Vikuu vya Pili walitumia dola zipatazo milioni 2 katika mpango wa kuwafunga popo vibomu vidogo vya moto, wadondoshwe juu ya miji ya Japani wakajifiche kwenye mapaa. Wazo lilitoka kwa daktari wa meno. Katika majaribio ya mwaka 1943 popo wachache walitoroka, wakauchoma uwanja wa ndege wa jeshi hilohilo. Waingereza katika miaka ya 1950 walibuni bomu la nyuklia la kufukiwa ardhini Ujerumani, kisha wakahofu kwamba vyombo vyake vitaganda kwa baridi. Mmoja wao akapendekeza wawekwe kuku hai ndani pamoja na chakula chao ili joto la miili yao lilinde mitambo kwa siku kama saba. Warusi nao, tarehe 30 Oktoba 1961, walilipua juu ya visiwa vya Novaya Zemlya bomu la megatani 50. Lilikuwa na uzito wa tani 27 hivi, na ndege iliyolibeba ilibidi ing'olewe milango ya tumboni kwa kuwa halikuenea. Halikuingizwa jeshini kamwe. Lingepelekwa wapi?

Kinachomfurahisha zaidi ni kizinga cha Kimarekani kilichoitwa Davy Crockett, kwa sababu hicho kilikuwa cha watu wa kazi yake. Kichwa cha nyuklia chenye kilo 23 hivi, juu ya bomba linaloweza kubebwa na gari dogo la jeshi, kinatupwa kilomita mbili, au nne kwa bomba kubwa. Viliundwa zaidi ya 2,000 na vikawekwa mikononi mwa askari wa kawaida huko Ujerumani. Shabaha yake ilikuwa mbovu, mionzi yake ndiyo iliyotegemewa kuua, na uamuzi wa kuanzisha vita vya nyuklia ungekuwa umefika karibu sana na kidole cha sajenti. Kufikia mwaka 1971 vilikuwa vimeondolewa. Kaka huniuliza: "Mdogo wangu, wewe ungependa kukaa kilomita mbili kutoka kwenye kitu hicho, halafu upepo ugeuke?"

Tena si Davy Crockett peke yake. Juni 1955 majeshi ya NATO yalifanya zoezi lililoitwa Carte Blanche, wakahesabu mabomu ya nyuklia 335 ya kuigiza, mengi yakiangukia ardhi ya Ujerumani. Hesabu ya zoezi ikatoa Wajerumani milioni 1.7 waliokufa na milioni 3.5 waliojeruhiwa, nao ndio hasa waliokuwa wakilindwa. Colin Powell, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Marekani wakati wa vita vya Ghuba vya 1991, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba aliagiza ifanyiwe hesabu kazi ya mabomu madogo ya nyuklia dhidi ya vikosi vya Iraki vilivyokuwa jangwani. Idadi iliyohitajika ili kuharibu kikosi kimoja tu ikamkatisha tamaa kabisa. Hapo palikuwa jangwa tupu, adui hana bomu la kujibu, na bado haikufaa.

Niliyaeleza haya kwenye darsa yetu ya akina mama, na dada mmoja akashika kifua akasema, "Alhamdulillahi, Mwenyezi Mungu kaufanya uovu mkubwa usifae." Ningependa sana kuitikia. Lakini nilikwisha soma habari za Ethiopia.

Italia ilikuwa imesaini na kuridhia Itifaki ya Geneva ya 1925 inayokataza gesi ya sumu. Kuanzia mwishoni mwa 1935 ndege zake zilimwaga haradali juu ya majeshi ya Ethiopia, juu ya mito, mifugo na njia za milimani. Haradali si kama klorini. Haikai hewani ikapotea, bali hubaki kwenye majani na udongo kwa siku kadhaa, na wengi wa askari wale walitembea pekupeku. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa akalieleza jambo hilo, akazomewa na waandishi wa habari wa Kiitalia, na Ethiopia ikabaki mikononi mwa Mussolini. Hapo swali la kaka lilipata jibu jipya. Kama adui hana ndege, hana barakoa wala viatu, huna haja ya kupita pale ulipomwaga. Sumu yenyewe inakulinda ubavu, nawe unapita njia nyingine.

Hispania ilikuwa imekwisha fanya hivyo katika milima ya Rif, Moroko, kwenye miaka ya 1920. Iraki ikafanya kwa askari wa Iran katika miaka ya 1980, kisha kwa raia wake yenyewe huko Halabja tarehe 16 Machi 1988, ambako inakadiriwa watu hadi 5,000 walikufa, kina mama na watoto kwa wingi. Agosti 2013 gesi ikapigwa Ghouta, pembeni mwa Damasko. Utaona kwamba hakuna hata mmoja kati ya waliopigwa aliyekuwa na uwezo wa kujibu kwa namna ileile.

Mfano unaoninyima usingizi, hata hivyo, ni wa nchi ya Haber mwenyewe. Wakemia wa Ujerumani waligundua tabuni mwaka 1936 na sarini 1938, sumu za mishipa ya fahamu zilizoipita klorini mbali kabisa, wakatengeneza tabuni kwa maelfu ya tani. Hawakuipiga katika uwanja wa vita. Walidhani maadui zao nao wanayo, na miji yao ilikuwa wazi kwa ndege. Wapo wanaoutaja uamuzi huo kuwa ushahidi kwamba hata Hitler alikuwa na mpaka. Miaka ileile, Auschwitz, serikali ileile ilikuwa ikiwaua Wayahudi kwa Zyklon B, dawa ya kuulia wadudu iliyotokana na utafiti wa taasisi ya Haber, na waliouawa katika kambi hiyo kwa njia zote ni karibu milioni 1.1. Haber alizaliwa Myahudi. Alikufa 1934, na baadhi ya jamaa zake waliangamia katika kambi kama hizo. Kila kasoro ambayo kaka yangu huihesabu dhidi ya gesi iliondolewa kwa kujenga kuta nne. Chumbani hakuna upepo. Aliyemo hana barakoa, hana mzinga wa kujibu, na hakuna askari anayetaka kupita hapo kesho asubuhi kwenda mbele.

Nilipomwambia hivyo kaka alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hiyo si vita. Ni kweli si vita. Ila inaonyesha ni kitu gani kilichokuwa kikiizuia silaha ile kwingineko, na hakikuwa dhamiri.

Watu wa kale walilijua jambo hili kwa upande wake wa pili. Mwaka 1139 Mtaguso wa Pili wa Laterano wa Kanisa Katoliki ulikataza kutumia upinde wa mtambo na mishale dhidi ya Wakristo. Upinde ule ulikuwa na faida kubwa: mkulima aliyefundishwa kwa muda mfupi aliweza kumwangusha mpanda farasi mwenye deraya. Wafalme wakaendelea kuununua, na katazo likabaki kwenye makaratasi. Huko Hague mwaka 1899 zilipopigwa marufuku risasi zinazotanuka mwilini, mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alitetea kwamba zinahitajika katika vita vya makoloni, kwa maelezo kwamba mtu mstaarabu akipigwa risasi hulala chini, lakini mshenzi huendelea kukujia. Anayezungumziwa hapo ni babu yangu na wa kaka yangu. Silaha inayofaa hukatazwa na watu wakaitumia, na isiyofaa hukatazwa na watu wakatii, kisha vitabu vikaandika kwamba ubinadamu umepiga hatua.

Sasa nije kwenye dini, kwa sababu ndiko swali langu liliko. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba amali huangaliwa kwa nia. Aliyekusudia ovu kisha akaliacha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu huandikiwa jema. Aliyekwenda kuiba akakuta mlango umefungwa, akarudi nyumbani, hakuacha kitu. Mlango ndio uliomwacha. Tumefundishwa pia habari ya Waislamu wawili wanaokutana kwa mapanga yao, kwamba aliyeua na aliyeuawa wote wamo motoni, na Masahaba walipouliza kosa la aliyeuawa, Mtume (S.A.W.) akawaeleza kwamba naye alikuwa na pupa ya kumuua mwenzake. Hakufanikiwa, lakini nia yake ilikuwa imekamilika.

Mizani hiyo ukiipeleka kwenye silaha za nyuklia inatisha. Tangu Nagasaki hakuna bomu hata moja lililopigwa vitani, na watu husifu utulivu huo. Lakini kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo wamekuwepo vijana chini ya bahari na chini ya ardhi waliofundishwa, wakapimwa na kulipwa mshahara ili wawe tayari kuchoma miji, na utayari wao ndio unaosemwa kuleta amani. Nia haikosekani pale. Imeandikwa, imefanyiwa mazoezi na kutengewa bajeti. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fizikia na Mkatoliki, aliniambia kwamba Kanisa lake nalo limelihangaikia jambo hili: maaskofu wa Marekani mwaka 1983 waliukubali utayari huo kwa masharti, kama hatua ya kuelekea kupunguza silaha, lakini Papa Fransisko alipokuwa Hiroshima mwaka 2019 alitamka kwamba hata kuzimiliki tu ni kinyume cha maadili. Katika hili namfuata Papa, na mwalimu wetu wa darsa anajua kwamba namfuata.

Kaka ana jibu, na si jibu la kupuuzwa. Husema sheria haifungui kifua cha mtu. Kadhi huhukumu kilicho nje, na kilicho ndani ana mwenyewe Mola. Mtoto wa London ambaye hakumwagiwa tabuni mwaka 1944 hana haja ya kujua kwamba aliokolewa na hofu ya adui badala ya huruma yake. Yuko hai, amezaa, amezeeka. "Ninyi watu wa nia," huniambia, "mngependa afe ili hesabu ya thawabu ikae sawa?" La, nisingependa. Na Itifaki ile ya Geneva, hata kama ilitiwa saini na watu waliokwisha choshwa na gesi kwa sababu za kijeshi, imezaa mkataba wa 1993 uliokataza hata kuitengeneza na kuihifadhi, na Julai 2023 Marekani ilimaliza kuharibu akiba yake ya mwisho. Hayo ni matokeo mema yaliyotoka kwenye nia iliyochanganyika. Nayapokea bila kuyachunguza meno.

Tatizo langu ni kesho. Katazo lililosimama juu ya kutofaa linasimama mpaka siku mhandisi atakapoleta kinachofaa. Februari 2020 Marekani ilitangaza kwamba imeweka kwenye nyambizi kichwa cha nyuklia cha nguvu ndogo, kinachokadiriwa kuwa theluthi moja ya bomu la Hiroshima. Hoja yake ni kwamba mabomu makubwa hayaaminiki. Adui anajua huwezi kuyapiga, kwa hiyo unahitaji dogo ambalo anaamini utalipiga. Nimeisoma hoja hiyo zaidi ya mara moja nikaona kwamba ni hoja ya kaka yangu, neno kwa neno, imegeuzwa uso. Akisema silaha hii ni mbaya kwa sababu haifai, mwenzake aliyeko maabara anasikia ameagizwa kazi.

Na ipo silaha inayofaa, tena hapa kwetu tunaikumbuka. Katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, wazee wetu walikuwa na dawa ya ajabu, maji ya Kinjeketile wa Ngarambe, yaliyotarajiwa kugeuza risasi kuwa maji. Hayakugeuza. Wajerumani walikuwa na bunduki za rashasha, lakini si hizo zilizomaliza vita. Walichoma vijiji, wakachoma maghala, wakaharibu mashamba, kisha wakaiacha njaa ifanye kazi yake. Makadirio ya waliokufa hufika 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Hapakuwa na kemia yoyote pale, ila kiberiti. Kaka akiulizwa maswali yake mawili kuhusu njaa, hunijibu kwa uaminifu wa mwanajeshi: unajua itaangukia wapi, na watu wako wanaweza kupita. Tangu mwaka 1977 sheria ya vita inakataza kuwaua raia kwa njaa kama mbinu ya kivita, na kila mwaka tunasoma magazetini mahali inapotumika. Imekatazwa na inafaa, kwa hiyo imefuata njia ya ule upinde wa Laterano.

Ndiyo maana wosia wa Sayyidna Abubakar, khalifa wa kwanza, kwa majeshi yaliyokwenda Shamu nauona ni mzito kuliko mikataba mingi. Aliwaambia wasiue wanawake, watoto wala wazee, wasiwaguse watawa katika nyumba zao za ibada, wasikate miti ya matunda, wasichinje mbuzi wala ngamia isipokuwa wa kula. Najua kisa cha mitende ya Banu Nadhir iliyokatwa walipozingirwa, na najua mafakihi walivyotofautiana juu yake. Sitaki kujifanya kwamba jambo hili halina mjadala. Ninachosema ni kwamba jemadari yeyote angemweleza Abubakar faida ya kuchoma shamba la adui. Faida ilikuwepo, ilikuwa dhahiri, na yeye akasema msichome. Hapo kuna kitu kilichoachwa.

Katika kizazi kilichotengeneza bomu namjua mtu mmoja wa namna hiyo, nami nilianza kumtaja darasani pamoja na Haber miaka yangu ya mwisho ya kufundisha. Joseph Rotblat alikuwa mwanafizikia, Myahudi wa Warsaw, aliyefika Liverpool mwaka 1939; mkewe alibaki Poland na akafia huko katika mauaji ya Wayahudi. Aliingia katika mradi wa bomu kwa hofu kwamba Hitler atalipata kwanza. Huko Los Alamos, Machi 1944, mezani kwa mwenyeji wake, alimsikia Jenerali Leslie Groves akisema kwamba shabaha halisi ya kazi ile ni kuwashinda Warusi. Mwisho wa mwaka ilipobainika kwamba Wajerumani hawana bomu, Rotblat aliomba kuondoka. Alitakiwa asiwaambie wenzake sababu yake ya kweli, kwa hiyo ikasemwa kwamba ana wasiwasi na familia yake. Akarudi Uingereza, akahamia kwenye fizikia ya tiba, na mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wachimbaji wa Shinkolobwe, kule Katanga, ambao urani yao ndiyo iliyojaza sehemu kubwa ya bomu la Hiroshima, hawakuambiwa wanachimba nini. Mtu asiyejua hana nia ya kuhojiwa. Rotblat alijua, alikuwa na uwezo, na kitu kile kilikuwa karibu kufanikiwa alipokiacha.

Kaka hunikumbusha kwamba bomu lililipuka hata hivyo, tarehe 6 Agosti 1945, na kwamba kabla yake, usiku mmoja wa Machi, Tokyo ilikuwa imekwisha poteza watu wapatao 100,000 kwa mabomu ya moto ya kawaida yasiyohitaji Los Alamos. Kuondoka kwa mtu mmoja hakukuchelewesha kazi hata kwa siku moja. Ananitaka nimwonyeshe kitu alichookoa Rotblat, kitu cha kuhesabika. Nimemwambia kwamba mtu huyo atahojiwa peke yake, nami nimeshamwona akijibu. Kaka anasema hilo ni jibu la kaburini, na yeye aliniuliza la vitani.